Makofi Matatu Bila Neno

Saa nne zilikuwa zimebaki, na bastola moja ilikuwa haijulikani ilipo.

Inspekta Kamla Gounder alisimama katikati ya ghala la silaha akazihesabu kwa kidole mara ya tatu, labda chuma kingeona haya kikarudi chenyewe. Ishirini na tatu. Nafasi ya kumi na saba kwenye rafu ilikuwa tupu. Juu ya kiti cha mtunza ghala, ufunguo ulining'inia kwenye msumari wake, umetulia kabisa, utadhani haujawahi kumfungulia mtu asiyehusika.

"Saa nane kamili wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wanaingia getini," alisema Meja Waisale Koroi, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akikwepa mvua ya Suva. "Watahesabu kila kitu mpaka vijiko. Bastola ikipungua moja tu, kikosi hakipandi ndege kesho. Safari imekufa."

"Na jambo hili linakuuma sana, Meja."

"Linaniua, mama."

Hakuwa na sura ya mtu anayekufa. Gounder alitia dengu mbili za kukaanga mdomoni, akazitafuna taratibu huku akimtazama. Miaka ishirini na sita ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayefurahia msiba si lazima awe ndiye aliyeuleta, lakini hakuna hasara kumwangalia vizuri.

Habari yenyewe ilikuwa midomoni mwa watu mji mzima. Kwa zaidi ya miaka arobaini Fiji ilipeleka wanaume: mabatalioni ya Lebanoni, ya Sinai, ya Golani, vijana wenye vifua vipana waliokaa kwenye vizuizi vya barabara na bunduki mapajani. Nyumba isiyo na picha ya bereti ya buluu juu ya televisheni ilionekana kama haina watu. Sasa barua ilikuwa imekuja kutoka New York, na safari hii haikuomba batalioni. Iliomba watu arobaini wa kuongoza ofisi ya operesheni, kuzungumza na wanawake wa vijijini, na kuwafundisha askari wa mataifa mengine kazi ambayo Wafiji wanaijua kuliko karibu watu wote duniani. Kiongozi wao alikuwa mwanamke, Kanali Unaisi Raikadra, wa kwanza tangu jeshi lianze kuvaa bereti ile. Kama kikosi chake kingekataliwa leo, palikuwa na kampuni ya zamani ya bunduki mia mbili imekaa tayari kushika nafasi hiyo. Na kampuni hiyo ilikuwa ya Meja Koroi.

"Twende kwa Kanali," Gounder alisema. "Na Sajini aje."

*

Ofisini kwa Kanali kila mtu alikuwa tayari amevalia gwaride. Kanali Unaisi, mama wa miaka arobaini na minane mwenye nywele fupi na macho yasiyolala, alizunguka meza akakaa. Mfuko wa bastola uliokuwa kiunoni mwake uligonga mkono wa kiti, ko, akasogea kidogo upande.

Sajini Isikeli Vunisa, mtunza ghala, alisimama hatua tatu kutoka kwenye meza, mtu mkubwa wa miaka hamsini na sita, mvi kichwani na medali saba kifuani. Alikuwa ameinamisha macho yake kwenye zulia.

"Inspekta," Kanali alisema, "mwambie Sajini akueleze ilivyokuwa."

Gounder akamgeukia. "Umesikia, Sajini."

"Nimesikia, afande." Sauti yake ilikuwa nzito na ya upole. "Jana alasiri tulikuwa na sherehe ya kuwaaga wazee. Mimi sikwenda, ghala haliachwi. Wakaniletea sehemu yangu ya yaqona pale pale. Nikanywa vifuu vitano, sita. Mizizi ile inaleta usingizi, na usiku wa juzi sikuwa nimelala. Nikajifunika taulo usoni, nikasinzia kitini. Asubuhi hii nimehesabu, namba kumi na saba haipo. Nikatoa taarifa mwenyewe. Kosa ni langu, niandike."

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Msumarini. Juu ya kichwa changu."

Meja Koroi alivuta pumzi kwa kelele. Koplo Jope Nasilivata, msaidizi wa Gounder, kijana mrefu wa visiwa vya kusini, naye alitikisa kichwa. Mkono juu ya kichwa cha mtu aliyekaa, tena mzee! Hata kuchukua kikombe kwenye kabati lililo juu ya mwenzako, unaomba radhi kwanza, "tulou", na ukishachukua unapiga makofi matatu ya viganja kumtuliza. Mtoto wa miaka mitano anajua.

"Ulisikia nini?" Gounder aliuliza.

"Nilisikia tulou. Mtu aliomba radhi, tulou, kisha makofi matatu. Nikadhani naota."

"Mwizi mwenye adabu!" Meja akacheka. "Mwaka huu tutaona mengi."

"Sauti ya mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume," Sajini alisema upesi.

Gounder aliandika, akapiga mstari chini ya neno hilo bila kujua bado kwa nini. Kisha akamgeukia Kanali. "Na wewe, afande? Samahani, nauliza wote."

"Uliza. Nilikuwa kwenye sherehe toka mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa dakika kumi. Saa kumi hivi nilitoka kupokea simu ya New York." Akatazama dirishani. "Inspekta, kikosi hiki nimekihangaikia miaka miwili. Zamani dunia ilituomba vifua. Sasa inatuomba vichwa. Tukishindwa leo, hawataomba tena."

Alilisema hilo kwa uchungu wa kweli, na Gounder alimwamini. Mpaka leo anakiri kwamba alimwamini.

Walipokuwa wanatoka, Jope hakuweza kujizuia. Kijiji chake na kijiji cha Sajini ni watani tangu mababu, na mtani akimpita mtani kimya anajihisi mgonjwa. "Mzee mla popo," alimnong'oneza, "unalala kazini kwa sababu ya vifuu sita? Kwetu hata bibi zetu hunywa kumi wakaenda kulima."

Sajini hakumrudishia tusi. Alitabasamu tu, akavua saa yake ya mkononi, ile ya chuma aliyoinunua Beiruti, akamfunga Jope nayo mkononi. "Kaa nayo, mtani. Inakufaa kuliko mimi."

Jope alitoka nje akiwa anang'aa kwa furaha. "Umeona, afande? Nimemtisha mpaka amelipa faini!"

*

Saa tano na nusu walikuwa wamepekua mabweni, jiko, kanisa na matangi ya maji. Gounder alikuwa amelowa mpaka kwenye soksi, lakini damu ilikuwa inamchemka vizuri. Aliipenda hali hii kuliko chakula. Kila mlango uliofunguka ulimpunguzia kambi kidogo, na bastola ilikuwa mahali fulani ndani ya kile kilichobaki.

"Buti la gari la Meja," alisema.

"Atatuua."

"Ameshasema yeye mwenyewe anakufa. Tumsindikize."

Meja Koroi aligoma kwanza. Kisha akapiga kelele. Kisha akadai apewe karatasi ya hakimu, na Gounder akaitoa karatasi hiyo kwenye mkoba ilikokuwa imelala na dengu tangu saa tatu asubuhi. Buti likafunguliwa. Jope akainua turubai kwa mikono yote miwili, na Gounder akasogea upesi, kwa sababu chini yake palikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa kitambaa cha buluu.

Ilikuwa bendera ya batalioni ya kwanza, imezungushwa kwenye mti wake. Pembeni palikuwa na bahasha yenye barua ndefu ya kwenda kwa waziri, imeandikwa kwa mkono, kurasa tisa, ikieleza kwa nini nchi ya mashujaa isiende kuwa nchi ya makarani.

"Niliichukua isije ikapelekwa makumbusho," Meja alisema. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Watu kumi na wanne niliokuwa nao chini ya bendera hii hawakurudi. Sasa mnataka tukafundishe watu kwa kompyuta."

"Barua yako ina tarehe gani?"

"Ya leo asubuhi. Nimeiandika baada ya kusikia bastola imepotea. Basi? Nilifurahi, ndiyo! Kufurahi si wizi. Na jana nilikaa kando ya mkuu wa ukoo sherehe nzima, mimi ndiye niliyekuwa msemaji wake. Msemaji hainuki hata akiumwa na nge. Waulize watu mia moja."

Watu mia moja hawakuhitajika, watatu walitosha. Meja aliaga dunia ya washukiwa akiwa bado anafoka.

Saa saba kasorobo, na Gounder hakuwa na kitu mkononi. Akarudi nyuma ya ghala, kwenye dirisha dogo lenye nondo. Chini yake alikaa kuruta mmoja, Rusiate, mbele ya rundo la magimbi, akimenya kwa kisu kifupi. Alikuwa kwenye adhabu ya siku tatu kwa kuchelewa gwaride.

"Na jana alasiri ulikuwa hapa hapa?"

"Hapa hapa, afande. Magimbi hayaishi. Nadhani yanazaana humu ndani ya gunia."

"Ulimsikia Sajini ndani?"

"Alikuwa anakoroma. Kisha nikasikia makofi matatu, pwa, pwa, pwa, nikajua amemaliza kifuu kingine." Maana hata baada ya kunywa yaqona watu hupiga makofi vivyo hivyo. "Akakoroma tena."

"Na aliyesema tulou?"

Rusiate aliinua uso. "Nani alisema?"

"Sikulishi maneno. Ulisikia sauti ya mtu?"

"Hapana, afande. Makofi tu. Mimi niko chini ya dirisha, Sajini akimeza mate namsikia. Mtu yeyote angesema neno ningelisikia." Akachukua gimbi jingine, akashusha pumzi. "Mzee yule ni mwema. Juzi amenipa mkeka wake wa kulalia. Wanakwaya amewapa bakuli lake la yaqona, lile la miguu minane. Amempa kila mtu kitu."

Jope akamvuta Gounder pembeni, macho yamemtoka. "Afande! Anagawa mali. Anatoroka! Ameiuza bastola, leo jioni yuko kwenye ndege ya Auckland!"

"Anayetoroka huuza vitu, Jope. Hagawi." Lakini Gounder hakuwa anamsikiliza sana. Alikuwa amesimama kwenye mvua, dengu zimelowa kiganjani, akitazama lile neno alilolipigia mstari.

Makofi yalikuwepo, mashahidi wawili wameyasikia. Neno lilisikiwa na mmoja tu, tena yule aliyekuwa amelala. Kwa hiyo Sajini amelitunga. Lakini kwa nini mtu atunge neno moja dogo la kuomba radhi? Hakumtaja mtu, hakujiondolea lawama. Lawama aliiomba yeye mwenyewe.

"Jope. Mtu anyooshe mkono juu ya kichwa chako, akupigie makofi kwa heshima zote, lakini asitamke tulou. Anakosa adabu?"

"Haiwezekani. Aliye na adabu ya kupiga makofi atasema tulou. Neno linatoka lenyewe." Jope akajikuna. "Labda awe bubu."

"Au?"

"Au iwe ni mtu ambaye haruhusiwi kusema nami." Aliposikia alichokisema, aliliangalia dirisha la ghala. Kisha akaendelea polepole. "Dada yangu. Mimi na dada yangu hatusemezani tangu alipovunja ungo. Ni mwiko. Nikitaka chumvi namwambia mtoto, mtoto anamwambia yeye. Kwa Sajini huko milimani wanaushika zaidi yetu."

"Sajini ana dada humu kambini?"

"Dada wa tumbo moja hana. Lakini mama yake ana mdogo wake, na mtoto wa mama mdogo ni dada vile vile, mwiko ni ule ule. Yule..." Jope alifunga mdomo. Mvua ikamwingia machoni, hakuifuta. "Afande, mimi sikusema kitu."

"Mwambie Sajini akueleze," Gounder alisema taratibu. "Amesimama hatua tatu kutoka kwake, naye anapitishia maneno kwangu. Nikadhani ni mambo ya vyeo. Mimi, mzaliwa wa nchi hii!" Alijipiga paja kwa hasira na furaha pamoja. "Saa kumi alasiri hapa kwetu, New York ni saa ngapi?"

Jope alihesabu kwa vidole. "Usiku wa manane."

"Nani anapiga simu za kiofisi usiku wa manane? Na swali la mwisho. Siku ya ukaguzi, maofisa wanavaa mfuko wa bastola ukiwa na nini ndani?"

"Mtupu. Silaha zote zinatakiwa rafuni."

"Ule wa Kanali uligonga kiti. Mfuko mtupu haugongi, unalala."

*

Saa saba na dakika ishirini walimkuta Kanali Unaisi amesimama peke yake mbele ya ramani ya Lebanoni. Gounder alifunga mlango nyuma yake.

"Afande, naomba bastola namba kumi na saba. Unayo kiunoni."

Kanali hakushtuka. Alifungua kifungo cha mfuko, akaitoa bastola, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Saa nane ningewaambia wakaguzi," alisema. "Nilishapanga. Ningesema nimeichukua mimi, nikaacha kazi palepale. Kumtaja yeye nisingemtaja."

"Kwa nini uliichukua?"

"Jana mchana nilipita dirishani kwake. Alikuwa amekaa, bastola hii mkono mmoja, risasi moja mkono wa pili. Anazitazama. Akakaa hivyo muda mrefu, Inspekta. Kisha akairudisha bastola rafuni, na risasi akaitia mfuko wa shati." Akaigeuza bastola mezani, mtutu ukatazama ukuta. "Yeye na jeshi, hana kingine. Mke amefariki, watoto wako Sidney. Kikosi hiki ndicho kilikuwa safari yake ya mwisho, na jina lake nimelifuta mimi, kwa sababu ya umri. Sikuweza hata kumwambia kwa mdomo wangu. Barua ilipelekwa na Meja. Meja! Na jana ningesema nini, wakati siwezi kumwambia hata 'umeamkaje'? Nikimripoti, anafukuzwa kwa aibu mbele ya nchi nzima. Nikinyamaza, ananifia. Nikaona nimnyang'anye hicho chuma. Hii ndiyo aliyoibeba safari zote saba."

Jope alikuwa ameishika ile saa ya Beiruti mkononi mwake kama imemwunguza. "Mkeka," alisema. "Bakuli. Saa."

Gounder tayari alikuwa na mkono kwenye kitasa.

"Kanali, risasi anayo nani?"

"Yeye. Kwenye shati."

"Na sasa hivi yuko wapi?"

Walitazamana. Tangu asubuhi kambi nzima ilikuwa ikitafuta bastola moja, na hakuna aliyejiuliza kuhusu zile ishirini na tatu, wala mtu aliyerudi ghalani kukaa nazo.

Wakakimbia. Gounder hakukimbia hivyo tangu alipokuwa msichana, viatu vinachota maji, mkoba unampiga nyongani, dengu zinamwagika njia nzima. Kanali alimpita kwenye uwanja wa gwaride, bastola mkononi, kofia imeanguka nyuma huko. Askari waliokuwa wakijipanga walifungua njia wakiwa wameduwaa. Ng'ambo ya uwanja, getini, taa za magari meupe zilikuwa zinawaka kwenye mvua. Wakaguzi wamewahi!

Mlango wa ghala ulikuwa umefungwa kwa ndani. Jope akautupia bega, ukamrudisha. Ulikuwa mlango wa ghala la silaha, ulitengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye.

"Sajini!" Gounder alipiga kwa ngumi. "Sajini Isikeli, fungua!"

Kisha ndani chuma kikagusa chuma.

"Mimi hatanisikia," Gounder alimwambia Kanali. "Wala Jope. Sema naye."

"Siwezi."

"Unaweza kuongoza mataifa huko nje, usiweze mlango?"

Kanali Unaisi Raikadra alisogea, akaweka paji la uso kwenye mbao zilizolowa. Miaka thelathini na mitano hakuwa amemtamkia mtu huyu hata herufi.

"Kaka," alisema.

Jope aliangalia chini mara moja, kama mtu aliyeona asichotakiwa kuona.

"Kaka Isikeli, ni mimi, Unaisi. Jina lako nimelifuta mimi, kwa mkono huu. Nilitakiwa kuja kukwambia mwenyewe nikajificha nyuma ya mwiko, nao ulinirahisishia. Nisamehe. Wewe ulinibeba mgongoni kuvuka mto kwenda shule, mvua kama hii, miaka minne. Mimi nimeshindwa kukubeba kwa neno moja." Akapigapiga mlango kwa kiganja. "Bastola nilichukua mimi, na wewe ulijua. Ulinisikia. Ukawadanganya ili kunificha. Basi usiniache na deni hilo. Kesho naondoka na watu arobaini, na nusu yao hawajawahi kusimama kwenye kizuizi wakatazamana na mtu mwenye hasira. Na kuna wengine arobaini watakaofuata, na wengine, kutoka visiwa vyote. Nani atawafundisha? Meja? Atawafundisha kupiga kelele. Nimeandika barua kwamba shule mpya ya kuwafundisha hapa kambini inahitaji mkufunzi. Umri haukuandikwa. Fungua, kaka. Nakuomba. Fungua."

Nyuma yao milango ya magari ilifungwa, mmoja, wa pili, wa tatu. Mtu alitoa amri ya gwaride kukaa sawa.

Kutoka ndani, polepole, yakasikika makofi matatu ya viganja.

Komeo likavutwa. Sajini Isikeli Vunisa alitokea mlangoni, uso umelowa ingawa hakuwa kwenye mvua, daftari la silaha kwapani. Nyuma yake rafu ilikuwa imefutwa vumbi na bastola zimepangwa, zote mahali pake. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa risasi moja, akatafuta wa kumpa. Alimtazama Gounder, akamtazama Jope. Kwa mazoea ya miaka yote alifungua mdomo kusema, "Mwambieni Kanali."

Hakulimaliza. Akageuka, akamtazama dada yake usoni, akamwekea risasi kiganjani na kuvifumba vidole vyake kwa mikono miwili.

"Unaisi," alisema. "Zipo ishirini na tatu. Ya ishirini na nne unayo wewe. Lete niipange, wageni wamefika."

Gounder alitoa daftari lake na kalamu. Aliandika mistari minne tu, ya kweli yote: nani ameichukua, kwa nini, imerudi saa saba na dakika thelathini na nane, na kwamba Sajini asiachwe peke yake mpaka daktari na mchungaji wamwone. Kanali alisoma, akatia sahihi bila kubadilisha neno. "Mkuu wa wakaguzi nitampa mwenyewe nakala," alisema. "Akiniondoa, aniondoe mimi. Silaha zimetimia, kikosi kitakwenda."

Jope alikuwa tayari ameingia ghalani, amekaa kwenye sakafu karibu na kiti cha mzee, akiivua ile saa mkononi. "Mla popo, chukua mzigo wako. Inachelewa dakika tano, unataka kunifukuzisha kazi?"

"Inachelewa kwa sababu iko kwenye mkono wa mvivu," Sajini alimjibu, na Jope akacheka kwa sauti kubwa mpaka akalia.

Mkaguzi wa kwanza alipoingia, akikung'uta koti, alimkuta sajini mwenye mvi na kanali wa kike wamesimama bega kwa bega mbele ya rafu, wakihesabu kwa zamu, yeye moja, yeye mbili, kwa sauti. Hakuona ajabu yoyote. Askari wote waliokuwa mlangoni walikuwa wamevua kofia zao.